Baba Alipokaa Upande wa Wageni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, mgawaji wa mafungu, ambaye humpa mja kabla hajaomba, na akimnyima humnyima kwa kumhurumia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyetufundisha kuwa kumkirimu mgeni ni katika imani. Nnaanza kwa jina Lake kuandika khabari ya mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka ambao timu ya taifa ya vijana wa Malta ilikuja Maskati kukimbia baridi ya kwao. Sikuwa na nia ya kuuandika mwaka huo. Nilidhani umeshapita na vumbi lake.

Lakini majira ya baridi yaliyopita meli kubwa ya watalii ilitia nanga Matrah, na mtu mmoja mwenye kipara na miwani ya jua akapita duka kwa duka sokoni, akimuulizia mzee aliyekuwa akiuza kofia na vitambaa vya kanzu. Wakamleta kwangu. Mimi siku hizi, baada ya kuacha kusomesha, hukaa asubuhi katika duka lile lile la marehemu baba, zaidi kwa ajili ya mazungumzo kuliko biashara. Akasimama mlangoni na mkewe nyuma yake, akaniuliza kwa Kiingereza, "Yuko wapi mzee aliyeniita Karim?" Nikamjua kwa mikono yake kabla sijamjua kwa uso. Nikamwambia baba ametangulia mbele ya haki, miaka mingi sasa. Yule bwana akakaa juu ya kibao cha wateja akalia, kilio cha sauti, watu wa duka la pili wakachungulia. Nikampa maji nikamngoja amalize. Na hapo, mimi mwenye mvi na wajukuu, niliyewasomesha watu subira na shukuri nusu ya umri wangu, nikahisi kitu kinanitafuna kifuani. Nilikuwa nnamuonea wivu mtu anayemlilia baba yangu vizuri kuliko nilivyomlilia mimi.

Mwaka ule tulikuwa tunakaa mtaa wa Darsait, ghorofa ya pili, juu ya karakana ya fundi wa viti vya gari. Nyumba nzima ilinuka gundi na sponji, mpaka mama alipotia udi jioni. Majilisi yetu, chumba cha wageni, ilikuwa na jamvi jekundu na mito iliyopangwa ukutani, na kiyoyozi cha dirishani kilichotoa sauti kama ya mtu anayesukutua. Chumba changu kilipakana na jiko. Kati ya jiko na chumba palikuwa na tundu la kupitishia hewa, na kupitia tundu lile nilisikia maisha yote ya wazee wangu: bei ya vitunguu, nani kafariki Alkhamis, nani kaposa kwa nani. Nilikuwa kijana wa kumaliza skuli, asubuhi nnasoma na sheikh msikitini, na baada ya Alasiri nnacheza mpira katika uwanja wa mchanga chini ya majabali. Nilikuwa mshambuliaji. Sisemi nilikuwa hodari, lakini nilikuwa na mbio.

Baba hakunikataza mpira. Lau angenikataza ningekuwa na la kusema. Yeye hakuja kuutazama, basi. Wazee wa wenzangu walikuja na magari yao, wakafungua milango, wakakaa na birika za kahawa wakitutukana na kutucheka, na mtoto akifunga goli babake anapiga honi. Mimi nikifunga, hakuna honi. Nikirudi nyumbani baba ataniuliza, huku anavua kofia yake, "Mmeshinda?" na kabla sijajibu ameshamuuliza mama kama maji ya kutawadha yamepashwa. Sheikh wetu alitufundisha tofauti ya mambo mawili: kutamani upate kama alichopata mwenzio, na hilo halina ubaya likiwa katika kheri, na kutamani kimtoke mwenzio, na hiyo ndiyo husuda, moto unaokula mema ya mtu. Nikikaa msikitini tofauti hiyo niliijua vizuri. Nikikaa uwanjani na kusikia honi za magari ya watu, mambo mawili yakawa jambo moja. Nilichokitaka duniani mwaka ule kilikuwa kitu kidogo sana: baba aje siku moja, aniite jina langu watu wasikie.

Vijana wa Malta walifikia hoteli na wakapewa uwanja wa majani Wattaya kwa mazoezi. Malta ni kisiwa, na kidogo. Waliniambia wenyewe kuwa mtu anaweza kukizunguka kwa gari na akarudi kwao chakula cha mchana hakijapoa. Na bado wana bendera, wana wimbo, wana fulana nyekundu zenye jina la nchi kifuani. Siku yao ya mapumziko walikwenda kutembea soko la Matrah, na wakapita mbele ya duka la baba wakihesabiana wasije kupoteana: "Wiehed, tnejn, tlieta, erbgha." Baba akasikia hesabu inayofanana na Kiarabu, akatoka mbio na uzi mdomoni. Alikuwa mtu wa kupenda lugha kama wengine wanavyopenda ndege. Akawasimamisha, akaonyesha mkate, wakasema hobz. Akaonyesha jua, wakasema xemx, wanaitamka shemsh, karibu kabisa na shamsi yetu. Akawauliza kwa vidole na Kiarabu cha polepole: na Mola mnamwitaje? Kipa wao, kijana mrefu mwenye mikono kama masinia, jina lake Karmenu, akaonyesha juu akasema, "Alla."

Baba alirudi nyumbani siku ile kama aliyeokota lulu. Nilimsikia kupitia tundu la jikoni.

"Manaswara, Bi Salma, wanakwenda kanisani, lakini Mola wanamwita kwa jina Lake! Na yule kipa, mtoto ana adabu yule. Nimempa kahawa kashika kikombe kwa mkono wa kulia bila ya kuambiwa."

"Labda ndio mkono anaotumia," mama akasema.

"Wacha weye. Ijumaa wanakuja kula."

"Wangapi?"

"Nimewaalika wote."

Nikasikia kifuniko cha sufuria kinawekwa kwa nguvu. "Timu nzima? Na wale wa akiba?"

Alhamdulillahi, mwalimu wao aliwaruhusu watatu tu. Walikuja Ijumaa baada ya Sala, nywele zimelowa maji, kila mmoja na viatu mkononi tangu chini ya ngazi kwa khofu ya kukosea. Mama alipika pilau ya mbuzi, na mchuzi wa papa pembeni, na kachumbari, na achari ya ndimu iliyokaa chupani tangu mwaka wa kabla. Tukakaa sinia moja. Baba alikuwa na desturi ambayo sisi tulilelewa nayo: humegua nyama kwa vidole vyake na kuisukuma polepole juu ya wali mpaka upande wa yule anayemtaka ale. Hasemi kitu. Mtu hushtukia ana kilima cha nyama mbele yake. Tangu nilipokuwa mdogo kilima kile kilikuwa changu, maana nilikuwa mtoto wa kiume pekee nyumbani. Ijumaa ile nikautazama mkono wa baba unakwenda kwa Karmenu, unarudi, unakwenda tena. Mwenyewe Karmenu hakuelewa. Alidhani nyama imemwangukia kwa bahati, akaila yote, akasema tajjeb, yaani tamu, na baba akacheka mpaka akapaliwa. Mbele yangu palikuwa na mfupa na karafuu.

Kisha ikaja kahawa. Mama alikuwa amekaa mlango wa ndani, na mapajani mwake ipo kofia ya viua aliyokuwa akiishona tangu miezi mingi, kazi ya mkono, tundu kwa tundu, maua madogo kama mbegu za ufuta. Ilikuwa kofia yangu ya Idi. Alishanipima nayo kichwa. Karmenu akaiona, akainama kuitazama, akasema kwa lugha yao kuwa ni nzuri, na neno la uzuri katika lugha yao nalo halikuhitaji tarjumani. Kila aliyekulia katika nyumba zetu anajua kilichofuata. Mgeni akikisifu kitu, kitu kimeshakuwa chake. Mgeni mwenyewe asipojua hivyo, ndio msiba.

"Bi Salma," baba akasema, "imebaki kiasi gani?"

"Ukingo tu," mama akajibu. Akanitazama mimi, kisha akatazama chini.

"Basi imalizie kwa kichwa cha Karim."

Ndipo nilipojua kuwa ameshampa jina. Nikatoka kwenda kukosha mikono, nikaikosha muda mrefu. Nilipopita jikoni mama akanishika kanzu. "Mwanangu, nitakushonea nyengine."

"Si kitu, mama."

"Ni kitu. Uso wako nnauona. Lakini mgeni hakai. Wewe unakaa."

Nilisema, "Ndiyo maana napewa mifupa," na mama, Mungu amrehemu, badala ya kunikaripia akacheka na kunitia mdomoni kipande cha ini alichokificha chini ya sahani.

Wiki ile baba alifanya jambo ambalo sokoni Matrah lilizungumzwa: alifunga duka wakati wa Alasiri akapanda teksi kwenda Wattaya kutazama mazoezi ya Wamalta. Si mara moja. Jirani yake wa duka alinitania msikitini, "Babako kapata kazi ya ukocha, hongera." Mimi nikacheka na watu. Lakini ndani ya kicheko kile, ndugu msomaji, hapakuwa na kitu. Baba aliyekuwa hajui njia ya uwanja wetu, mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni petu, alikuwa anapanda teksi kumtazama mwana wa watu akidaka mipira. Nikitawadha nnamfikiria Karmenu. Nikisali nnamuona amevaa kofia yangu.

Basi zikapangwa mechi za kirafiki, na timu yetu ya mtaa, ikiongezewa vijana wawili kutoka Ruwi, ikapewa moja, kule kule Wattaya. Nilipopata khabari sikumwambia baba. Nilitaka ajue mwenyewe, na alijua. Siku ya mechi nilimkuta asubuhi anapiga pasi kanzu yake nyeupe ya Idi. Moyo wangu ukaruka. Nilikwenda uwanjani mapema, nikafunga viatu, nikavifungua, nikavifunga tena.

Watu walijaa. Darsait nzima ilikuwa upande mmoja, na ngoma, na magari, na akina mzee na birika zao. Upande wa pili, nyuma ya benchi la Wamalta, hapakuwa na mtu ila daktari wao na sanduku la barafu. Nikatafuta kanzu nyeupe upande wetu, uso kwa uso. Nahodha wetu, Seif, beki wa kati mwenye mdomo mkali, ndiye aliyenigusa bega.

"Nani yule kule? Si baba yako yule?"

Baba alikuwa amevuka uwanja mzima. Alichukua kiti cha plastiki, akakiweka pembeni ya goli la Wamalta, akakaa peke yake, mkono juu ya bakora, kama shahidi wa ndoa. Seif akapiga mluzi. "Ya salam! Kamuuza mwanawe kwa kipa!" Wakacheka wote, na refa akaanzisha mpira.

Nitasimulia tukio moja tu la mechi ile, maana mengine nimeyasahau. Kipindi cha pili, baba ameshahamisha kiti chake kumfuata kipa goli la pili, tuko nyuma kwa goli moja. Mpira ukapita kati ya mabeki wao, nami nikaufuata kwa zile mbio zangu. Mbele yangu hapakuwa na mtu ila Karmenu, na Karmenu amesimama mstarini, anasita. Nilishaiona pembe nitakayoipiga. Hapo nikaisikia sauti ninayoijua kuliko zote, sauti iliyonifundisha Alif na Ba, inanguruma kutoka kwenye kiti cha plastiki: "Ukhruj, ya Karim! Ukhruj!" Toka, Karim, toka! Na kwa lugha yao toka ni hivyo hivyo. Karmenu akatoka kama aliyesukumwa, akajirusha miguuni mwangu, akauchukua mpira kwenye ncha ya kiatu changu. Mimi nikaanguka kifudifudi nikala majani. Nilipoinua kichwa baba alikuwa amesimama anapiga makofi, na kisha akaniona ni mimi niliyelala, makofi yakapungua, lakini hayakusita.

Kurudi tulitembea pamoja kutafuta teksi, mimi mbele, yeye nyuma. Mwisho sikuweza.

"Baba, umemwambia atoke."

"Alikuwa atafungwa."

"Na mimi! Mimi ndiye niliyekuwa nitamfunga!"

Akasimama. Alikuwa mtu wa kusimama anapotaka kusema la maana. "Wewe ulikuwa na Darsait nzima nyuma yako. Ngoma zako, magari yako. Yule ana nani hapa? Kala kwangu, kanywa kwangu, halafu mji mzima umzomee nami nikae na wanaozomea? Hilo siliwezi, mwanangu. Hata angekuwa anacheza na Mtume wa... astaghfirullah. Siliwezi."

Nikaendelea kutembea mbele. Sasa, nikiwa na umri wake au zaidi, nnajua kuwa alisema kweli na kuwa kweli ile iliniumiza. Vyote viwili vilikuwepo na kimoja hakikukifuta kingine. Wamalta wakaondoka baada ya siku chache. Karmenu alikuja kuaga amevaa kofia ya viua pamoja na suruali ya mazoezi, akambusu baba kichwani kama alivyotuona sisi tunafanya. Baba akakaa nyumbani siku mbili hana hamu ya chakula.

Kisha, subhanallah, baba akaanza kuja uwanjani kwetu. Ladha ya mpira ilikuwa imemwingia. Mara ya kwanza nilipoiona kanzu yake inashuka njia ya majabali nilidhani dua yangu imejibiwa. Siku ile tulikuwa tunacheza na vijana wa Wattaya. Baba akawapita wazee wa kwetu, akawaamkia mmoja mmoja, akenda akakaa na watu wa Wattaya. Wiki iliyofuata wakaja vijana wa Sidabu, akakaa na watu wa Sidabu, akawapelekea maji. Kila aliyekuja uwanja wetu alikuwa mgeni wetu, na kila mgeni alikuwa na baba. Mimi peke yangu sikuwa naye.

Seif hakuniacha. "Mzee wako leo yuko na nani? Tukicheza na majini atawashangilia?"

Nikamwambia mama jikoni kuwa nitaacha mpira. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Baba'ko hatamshangilia mwenye nyumba mbele ya mgeni. Utamngoja mpaka Kiyama."

"Basi ndiyo nimeshajua."

"Hujajua. Mnacheza nyumbani kila siku, nyinyi. Kwani hamna miguu? Nendeni kwa watu. Kuweni wageni."

Nilisimama pale na mlango wa friji wazi mpaka akanifokea niufunge.

Ikachukua muda kumshawishi Seif, na Seif akawashawishi wengine, na mjomba wake mmoja mwenye jamaa Quriyat akatutafutia mechi huko. Tukakodi basi dogo. Baba alikuwa wa kwanza kuingia, na bakora yake, na birika la kahawa, na mfuko wa mikate ya ufuta ya mama. Akakaa mbele na dereva, akasoma dua ya safari kwa sauti, tukaitikia. Wenyeji wa Quriyat walitupokea vizuri, lakini ilipofika mechi walikuwa wengi, na walipiga kelele, na uwanja ulikuwa wao mpaka mawe yake. Upande wetu palikuwa na dereva, aliyelala, na baba.

Mara ya kwanza nilipogusa mpira niliisikia. "Mwanangu! Mwanangu huyo! Mola akuongoze mguu!" Hakujua sheria wala hakujua aibu. Nikiotea ananishangilia. Nikipiga nje anasema masha'Allah. Akaniita jina langu, jina langu lote, na la kwake, na la babu yake, kama anayetangaza nikahi, na watu wa Quriyat wakaanza kucheka na kuliitikia. Tulifungwa vibaya mno siku ile. Sikumbuki kufurahi uwanjani kama nilivyofurahi pale, nnakimbia huku nnafungwa.

Wakati wa mapumziko tulikaa chini tukinywa kahawa ya baba kwa vikombe vya kupokezana. Seif alikaa kando yangu. Baba yake alikuwa akifanya kazi Abudhabi, akija Idi na Idi. Nilipogeuka nikakuta ananitazama, nami nikalijua jicho lile mara moja, kwa sababu mwaka mzima lilikuwa kichwani mwangu.

"Mzee wako ana sauti," akasema.

"Anayo."

Akachimba mchanga kwa kiatu. "Mwambie na mie aniite, basi. Mara moja tu."

Nikamwendea baba, nikamwinamia sikioni, nikamwonyesha. Kipindi cha pili kilipoanza Seif akatoa mpira wa hatari kwa kichwa, na kiti cha baba kikaanguka nyuma kwa jinsi alivyosimama. "Seif! Mwanangu, Seif!" Neno lile mwanangu likanichoma, sikatai, lilinichoma pale pale. Nikamtazama Seif anarudi nyuma kushika nafasi yake, kifua kimemtoka, nikangoja mchomo ule upite. Ukapita. Nikanyanyua mkono nikaomba mpira.

Ewe uliyenisoma mpaka hapa, nnakuombea kwa Mola mwenye hazina zisizopungua: akujaalie mtu wa kuliita jina lako mbele za watu, na ukishampata, akupanulie kifua umwache awaite na wenzako. Awarehemu wazee wako na wangu, na wageni wote waliokula nyumbani mwetu. Amin.